Rubani wa Pemba alikuwa mtoto wa nani?

Kuna Mwingereza mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma kwa karibu mwaka mzima sasa. Anaitwa John Jourdain. Alizaliwa mwaka 1572 hivi, katika familia ya wafanyabiashara wa Lyme Regis, mji mdogo wa bandari kusini mwa Uingereza, na aliuawa kwa risasi Patani, sehemu ambayo leo ni kusini mwa Thailand, Julai 1619. Katikati ya kuzaliwa na kufa kwake kuna Pemba, Shelisheli, Yemen, India na Indonesia. Na kuna karatasi, karatasi nyingi kweli kweli.

Nilianza kumsoma kwa sababu ya Pemba. Nimeendelea kumsoma kwa sababu ya swali ambalo koko wangu, yaani bibi yangu mzaa baba, aliniuliza huku kwetu Piyaya. Swali lenyewe nitalifikia. Kwanza nieleze mtu kama Jourdain anafuatwaje, maana wasomaji wengi wa hadithi za kale hatujiulizi sana hizo karatasi zilitoka wapi na kwa nini ziliandikwa.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipewa hati yake na Malkia Elizabeth tarehe 31 Desemba 1600. Wenye fedha walikaa London; mali yao ilikwenda baharini miaka miwili, mitatu, bila wao kujua imefika wapi wala nani anaila. Sasa utamwaminije mtu aliye mbali hivyo na pesa zako? Unamwambia aandike. Kila wakala wa Kampuni alitakiwa kuweka shajara ya safari, kutuma hesabu, na kuandika barua, tena nakala zaidi ya moja kwa meli tofauti, kwa sababu meli huzama. Mawakala nao waliandika kujitetea, kulalamika, kushitakiana. Hivyo ndivyo ofisi ya London ilivyojaa makaratasi. Barua zile za miaka ya mwanzo zilikuja kuchapishwa kwa vitabu 6 kati ya mwaka 1896 na 1902.

Shajara ya Jourdain mwenyewe, ya mwaka 1608 hadi 1617, imehifadhiwa Maktaba ya Uingereza. Ilichapishwa mwaka 1905 na Hakluyt Society, mhariri akiwa William Foster, mtu aliyeishi na nyaraka za Kampuni hiyo kama fundi saa na saa zake. Kitabu ni cha zamani, hakimiliki imeshaisha, kwa hiyo kinapatikana bure kwenye intaneti. Mimi nimekisoma sehemu kubwa kwenye simu. Huku Piyaya mtandao unaupata ukipanda kilimani, kwa hiyo nilikuwa napanda na simu iliyojaa chaji ya sola, napakua sura mbili tatu, nashuka nazo bomani.

Basi huyu bwana ni nani? Machi 1608 aliondoka Uingereza kwa meli ya Ascension, katika safari ya nne ya Kampuni, chini ya Alexander Sharpeigh. Meli nyingine, Union, ilipotezana nao njiani. Ascension ilifika Pemba Desemba 1608 ikitafuta maji. Ikatoka hapo vibaya, ikateleza mashariki na Januari 1609 ikajikuta kwenye visiwa visivyo na watu, vyenye kobe wakubwa, mamba na minazi. Hivyo ni Shelisheli, na hao ndio Waingereza wa kwanza tunaowajua kwa maandishi kukanyaga pale. Baadaye akafika Aden, akapanda milima ya Yemen mpaka Sana'a kumwona pasha wa Waturuki, na njiani akaandika habari za buni. Ni mmoja wa Waingereza wa kwanza kuandika kwamba kahawa ni biashara kubwa. Ascension ikazama Ghuba ya Khambhat mwaka huohuo wa 1609. Jourdain akapona, akasafiri nchi kavu hadi Agra, kwenye makao ya Jahangir. Kisha Surat, kisha Bantam huko Java, akawa mkubwa wa Kampuni katika eneo hilo na mpinzani wa Jan Pieterszoon Coen wa Uholanzi. Alirudi kwao mwaka 1617, hakukaa, akarejea Mashariki akiwa na cheo cha rais wa Kampuni huko. Meli za Waholanzi zilimkuta Patani akiwa na meli mbili tu, Hound na Sampson. Waingereza walidai alipigwa risasi wakati mazungumzo ya kusalimu amri yakiendelea.

Kwa wapenzi wa fasihi niongeze hili: ukoo huohuo wa Lyme Regis ulimtoa Silvester Jourdain, aliyenusurika kwenye ajali ya meli Bermuda na kuchapisha kitabu kidogo kuhusu mkasa huo mwaka 1610. Wachambuzi wengi wanakihesabu miongoni mwa maandishi yaliyomfikia Shakespeare alipoandika The Tempest. Yaani jamaa mmoja anaangukia kwenye tamthilia, mwingine anaangukia kwenye masanduku ya Kampuni.

Hata ugomvi wa nyumbani upo. Jourdain na mke wake, Susan, hawakuwa na masikilizano mazuri, na hilo limebaki kwenye kumbukumbu. Ukichukua wosia, barua, shajara na kumbukumbu za vikao vya Kampuni, ukaviweka pamoja, unapata mtu mzima. Unajua alikuwa mbishi. Unajua aliwachukia Waholanzi na kuwaogopa. Unajua alipenda kuhesabu: maili, visima, bei. Miaka 400 imepita na bado mtu wa Piyaya anaweza kumsimulia kama jirani.

Sasa twende Pemba.

Ili kuielewa Pemba ya mwaka 1608 lazima urudi nyuma miaka 17. Mwaka 1591 James Lancaster alitia nanga Unguja na meli ya Edward Bonaventure, akakaa mpaka Februari 1592. Habari za safari ile zilisimuliwa na Edmund Barker, na Richard Hakluyt akazichapa. Barker anasema Wareno waliwaambia wenyeji kwamba Waingereza ni watu wakatili wanaokula watu, wasiwasogelee. Halafu, kurasa chache tu, anasema bila haya kwamba walimshika sharifu mmoja, mtu wa dini aliyeheshimiwa sana, na mfalme wa pale akatoa chakula cha miezi miwili ili aachiwe. Yaani wanakana kuwa wakatili huku wakieleza walivyomteka shehe. Wareno walikuwa na sababu zao za kusema uongo, lakini watu wa pwani hawakuhitaji Mreno kuwafundisha kuogopa meli ngeni. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, na Pemba, kisiwa cha mpunga, ikawa ghala la kuilisha pwani hiyo. Kila chombo kikubwa kilichotokea upeo wa macho kilikuwa na maana ya mtu kuja kuchukua kitu.

Ascension ilipofika kuomba maji, mwanzoni mambo yalikwenda. Wenyeji walileta maneno mazuri, maji kidogo yakapatikana, ahadi zikatolewa. Kisha walioshuka pwani wakashambuliwa. Mwingereza mmoja, John Harrington, aliuawa. Jina lake lipo, umesoma mwenyewe. Meli ikang'oa nanga. Baharini Waingereza wakavikamata vyombo vidogo walivyoviita pangaia, ambavyo wanahistoria huvihusisha na mitepe yetu ya kushonwa kwa kamba, wakawapandisha makumi ya watu kwenye meli yao. Miongoni mwao walikuwapo wenye rangi nyeupe kidogo, wakashukiwa kuwa Wareno. Rubani wao aliitwa chumbani kwa nahodha, Philip Grove, aulizwe njia. Rubani akachomoa kisu, akamchoma nahodha. Vurugu ikaanza. Ilipokwisha, wengi wa mateka walikuwa wameuawa na wachache wametoroka. Grove hakufa.

Watu watatu waliokuwa katika safari ile wameacha maandishi: Jourdain, William Revett, na Robert Coverte aliyechapisha kitabu chake mwaka 1612. Kazi yangu ni uandishi wa habari, kwa hiyo ninapopata mashahidi watatu nafurahi. Lakini hawa watatu wote walikuwa upande mmoja wa kile kisu. Rubani, katika maandishi yao, ni Mmoor tu. Hao makumi ya watu wengine ni Wamoor tu. Walitoka wapi na wapi, walikuwa wanapeleka nini, nani alikuwa akiwasubiri ufukweni na chakula kimepoa, hakuna.

Jioni moja nilimsimulia koko habari hii kwa Kimaasai. Nilitaka tu kuona kama inasimulika. Alisikiliza vizuri sehemu ya maji, maana maji ni jambo analolijua. Alicheka Waingereza walipodanganywa. Nilipofika kwenye kisu alininyamazisha kwa mkono.

"Huyo aliyemchoma mzungu, alikuwa mtoto wa nani?"

"Hawakuandika, koko."

"Hawakuandika au hawakuuliza?"

Nikamwambia nadhani hawakuuliza.

"Na wewe umesoma kitabu chote hicho kikubwa, mjukuu wangu, hujui mtoto wa nani?"

Nilimweleza kuhusu baba yake Jourdain, mji wao, mke wake, mpaka huyo ndugu wa Bermuda. Akasema hao hajawauliza.

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Mgeni akifika bomani, kabla ya kuulizwa anataka nini, ataulizwa ni wa ukoo gani, rika gani, wa boma la nani. Bila hayo hujui umkalishe wapi wala umwite nani. Koko alikuwa anaulizia tu mahali pa kumweka yule rubani. Mimi nikabaki nimekaa na simu yangu yenye kurasa mia kadhaa, na mtu hana pa kukaa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kwamba nyaraka hazizaliwi kwa upendo. Zinazaliwa kwa mali na kwa kutoaminiana. Jourdain anaonekana kwa sababu alishika pesa za watu wasiomwamini. Mke wake anaonekana kwa sababu kulikuwa na mali ya kugombewa. Watu wa pwani wanaonekana pale walipopoteza: sharifu kwa sababu alitekwa, mabaharia kwa sababu waliuawa. Kama Ascension ingepata maji yake siku ya kwanza na kuondoka kwa amani, rubani yule asingekuwamo hata kama Mmoor asiye na jina. Angekuwa ameishi na kufa nje ya karatasi kabisa, kama karibu kila mtu aliyewahi kuishi.

Na hapa Piyaya si lazima niende Pemba kuliona hilo. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye waraka wa Kiingereza uliosema kwamba Wamaasai wanakubali kuhama Serengeti ya magharibi. Mwaka 1959 Serengeti ikabaki hifadhi ya taifa bila watu, Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi pamoja na wakazi wake, na familia zikahama na mifugo yao kuja Ngorongoro na huku Loliondo. Waraka huo unajulikana. Wanazuoni wanaunukuu mpaka leo, wanasheria pia. Wazee wale waliishi maisha marefu ya kuoza mabinti, kusuluhisha ugomvi, kutafuta malisho, kukwepa nyumbu wanapozaa ili ng'ombe wasipate ugonjwa wao. Katika hayo yote, kilichoingia kwenye jalada la serikali ni siku ile waliyoambiwa waweke alama.

Koko alitembea mwaka ule. Alikuwa binti mdogo wa kuchunga ndama. Kwenye kitambulisho chake mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia, lakini ukimuuliza atakuambia Ilseuri walikuwa morani wapya, na kwa hesabu hiyo unampata karibu sawasawa. Walitoka upande wa Moru, kwenye yale mawe makubwa. Hadi leo kuna mwamba Moru wenye michoro ya ngao za morani wa Kimaasai, na watalii hupelekwa kuutazama. Koko hajawahi kuurudia. Kumbukumbu zetu za huko ziko ndani ya hifadhi, zinaonwa kwa kiingilio.

Baada ya lile swali lake nilinunua daftari dukani, la kurasa 96, nikaanza kumuuliza. Nilitaka orodha: nani alitembea mwaka 1959, kutoka boma gani, mtoto wa nani. Kwa siku ya kwanza alinipa watu 9. Siku ya pili akanipa 14, na akanirekebisha wawili wa jana, kwa sababu usiku alikumbuka kwamba hao walikuja mvua za baadaye. Kumbe ushahidi wake nao unajihariri. Foster alipokuwa anaisafisha shajara ya Jourdain alifanya kazi ileile, akilinganisha barua hii na ile. Tofauti ni kwamba barua zilimsubiri miaka 300. Koko hawezi kunisubiri hivyo.

Kuna mambo sikutegemea. Anawakumbuka ng'ombe vizuri kuliko watoto wachanga. Kuna ng'ombe mmoja, mugie, wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, aliyezaa njiani na wakalazimika kulala siku mbili mahali pasipo na maji mazuri. Familia nzima zinajulikana kwa huyo ng'ombe: waliopita mbele, waliokaa kumsubiri. Mara ya kwanza niliandika jambo hilo pembeni kama nyongeza. Sasa liko katikati ya ukurasa, maana bila mugie huwezi kujua nani alifika lini.

Kuna mtoto mmoja pia, mdogo wake koko, ambaye alizaliwa kabla ya safari na hakufika. Hakuna cheti chochote mahali popote kinachosema alikuwepo. Waraka wa 1958 haumtaji, hauna sababu ya kumtaja. Koko alinitajia jina lake mara moja, kwa sauti ya chini, kwa sababu kwetu aliyekufa hatajwi ovyo. Nikamuuliza kama niliandike. Alikaa kimya muda mrefu, akanyanyuka akaenda kuangalia mbuzi. Jioni hakulisema, na mimi sikuuliza tena.

Hapo ndipo nilipoona ugumu mwingine ambao Jourdain hakunifundisha. Nyaraka zake hazikumuomba mtu ruhusa. Sharifu hakuulizwa kama anataka kuwemo kitabuni. Lakini koko yupo, anaona, anajua kalamu inafanya nini, na ana haki ya kusema hili weka, hili acha. Huenda baadhi ya watu waliokosekana kwenye majalada hawakusahaulika, ila walizuiwa makusudi na waliowapenda.

Mtu wa Lyme Regis akitaka kujua habari za Jourdain anajua pa kwenda, na bado nitaendelea kumsoma, maana ni msimulizi mzuri na Yemen yake ni tamu. Upande wa Wareno kuna nyaraka Lisbon na Goa, na natamani siku moja mtu wa Pemba anayejua Kireno azikalie. Labda rubani hayumo. Labda yumo kwenye sentensi moja ya mtu aliyelalamikia mpunga uliochelewa. Sentensi moja yenye jina la baba yake ingetosha kumkalisha.

Daftari langu limefika ukurasa wa 31. Mtoto yule nimemwachia mstari mmoja mtupu, kati ya koko na kaka yake anayemfuata, na koko, ingawa hasomi, anajua mstari huo uko wapi. Majuzi aliniomba daftari, akaliweka magotini, akapitisha kidole pale. Kisha akanirudishia, akaniambia tuendelee na watu wa boma la pili.